Katoni ya Pilipili Zisizowasha

Mimi ni mtu wa pilipili. Nimelelewa na mama wa Kizanzibari aliyekuwa akiuma pilipili mbichi kwa kila tonge la wali, na mpaka leo mchuzi usionitoa jasho huuhesabu kuwa ni supu ya wagonjwa. Kwa hiyo mke wa mwanangu aliponiambia anatafuta pilipili zisizowasha, nilimjibu kwamba isiyowasha si pilipili, ni mboga. Hakucheka. Nikajua nimechagua vibaya wakati wa kutania.

Ilikuwa siku ya nne tangu afiwe na mama yake. Mwanangu alimuoa huko Hispania, upande wa Wabaski, kaskazini alikokwenda kusoma, kisha akaja naye Maskati, akajifunza Kiswahili chetu. Msiba ulipotokea, mimba yake ilikuwa ya miezi minane, na daktari alimkatalia ndege. Mama akazikwa yeye akitazama kwenye simu, amekaa kwenye kochi langu hapa Ansab, na hakutoa hata chozi.

Sisi tulifanya tunalolijua. Marehemu hakuwa wa dini yetu, kwa hiyo khitma haikusomwa, lakini msiba ni msiba. Jiko langu halikuwashwa siku tatu. Jamaa na majirani walileta masinia ya wali na mchuzi, na dada yangu mkubwa alihamia kwangu kusimamia mambo. Sheria yake ilikuwa moja tu: mfiwa hapiki. Kila mkwe wangu alipoinuka kuelekea jikoni, dada alimshika bega taratibu akamrudisha.

"Kaa, mwanangu. Umefiwa wewe."

Naye alikaa. Masinia akiyatazama tu. Alikunywa maji na kula tende kidogo kwa ajili ya mtoto, basi. Hilo ndilo lililonitisha. Kilio kilikuwa kimemkwama, na chakula hali, na mtoto yumo tumboni.

Alichokitaka kilikuwa mchuzi wa mama yake: samaki wa chumvi ndani ya rojo la pilipili kavu ziitwazo choricero. Alinionyesha picha. Zilikuwa pilipili nene, nyekundu iliyokolea karibu na weusi, zimetungwa kwenye uzi na kutundikwa ukutani kwa mama yake.

"Samaki asikushughulishe," nilimwambia. "Nguru wa chumvi nna jamaa zangu wavuvi wa Sidab watanipa. Hizo pilipili n'tazitafuta mwenyewe."

Dada aliniona nachukua funguo za gari. "Pilipili usiyoila yakuwashiani?" akaniuliza.

"Inaniwasha," nikamjibu. "Asichokula yeye, hali mjukuu wangu."

Katika Maskati mtu hukosa mahali pa kuegesha gari, hakosi bidhaa. Hivyo ndivyo nilivyodhani. Kwenye duka kubwa nilikuta rafu nzima ya vitu vya Kihispania, na humo chupa za pilipili ndogo zilizochomwa na kumenywa, ziitwazo piquillo. Nikarudi na chupa moja mbio. Mkwe wangu aliigeuzageuza mkononi.

"Nzuri, mama," akasema kwa adabu. "Hizi tunajaza samaki ndani. Lakini si hizi."

Kesho yake nilipata duka dogo linalouzia Wazungu, wakaniuzia kichupa cha pilipili ya unga ya Espelette. Alikinusa muda mrefu, mpaka nikaanza kuona raha, kisha akakifunga.

"Umekaribia. Hii ni ya Wabaski wa upande wa Ufaransa. Ya jirani."

Nikaenda soko la Matrah. Muuza viungo alinijazia mfuko wa pilipili nyekundu zilizokunjamana, akaapa wallahi zimetoka Hispania. Nikavunja kipande nikakiweka ulimini.

"Hii biriani inaijua vizuri," nikamwambia. "Hispania haijafika."

Alicheka, na mimi nikacheka, lakini ndani ya gari nilikaa kidogo kabla ya kuwasha injini. Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa naogopa kurudi nyumbani mikono mitupu mbele ya yule mtoto wa watu.

Aliyenitoa gizani ni mwanangu. Alipiga simu kwenye hoteli inayopika chakula cha Kihispania, wakamwambia vitu vyao huvichukua kwenye ghala moja huko Rusayl. Nikapiga mimi, kwa Kiarabu. Mwanamke aliyepokea alikuwa akihangaika kunifuata, na mimi, kwa ukali wangu, nikamgeukia dada nikamwambia kwa Kiswahili kwamba huyu hanielewi.

"Nakuelewa, mama," sauti ikajibu kwenye simu. "Kumbe unaongea Kiswahili?"

Alikuwa Mkenya, mtunza ghala. Nikamfuata huko huko.

"Choricero ziko," akaniambia, "lakini tunauzia mahoteli peke yake. Na ni katoni nzima, huwa hatufunguangi."

"Basi nipe katoni nzima."

"Mama, utazifanyia nini zote hizo?"

Nikamweleza: msiba, mimba, ndege aliyokatazwa, chakula asichokigusa. Alinisikiliza ameweka mkono shavuni. Akaingia ofisini kwa mudiri wake, akakaa huko, akatoka anasukuma kitoroli.

"Amekubali, khalas. Mwambie huyo mkwe wako pole sana."

Nilirudi Ansab nikijiona shujaa. Mkwe wangu alikuwa amelala, na dada akasema tumwache, akiamka akute tayari. Hakuna kati yetu aliyeona kasoro. Mfiwa hupikiwa, tumezaliwa tukalikuta hivyo. Dada alizisaga zile pilipili pamoja na maganda yake, akatia tui zito na ndimu, na kwa kuwa hazikuwasha, akaongeza pilipili mbuzi ili mchuzi upate heshima yake. Nguru wa Sidab akatumbukia humo. Mimi nilionja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Aliamka kwa harufu. Tukamkalisha kwenye meza ya jikoni, tukampakulia, tukasimama kumtazama. Alipeleka kijiko mdomoni, akameza, akakiweka.

"Ni tamu, mama mkubwa," alimwambia dada. Kisha akanigeukia. "Mama, sikutaka kula. Nilitaka kupika."

"Mfiwa hapiki, mwanangu," dada akasema.

"Kwetu nyumbani anapika." Alisema polepole, anatafuta maneno. "Mama alipofiwa na mama yake, alisimama jikoni siku nzima. Hapa mmenikalisha. Kila siku nimekaa."

Sitaficha, kwanza nilikasirika. Baada ya kuzunguka mji mzima, hiyo ndiyo shukrani? Halafu nikaona vidole vyake vinakwaruza kitambaa cha meza, vinakwaruza bila kukoma, na hasira ikaniisha. Wala hakutaka kutukosea. Katoni ilikuwa bado imejaa. Niliibeba nikaiweka mbele yake, nikamshika dada mkono nikamtoa jikoni. Alitoka amenuna.

Asubuhi iliyofuata jiko lilikuwa lake. Alizitia pilipili kwenye maji ya moto mpaka zikalainika, akazipasua, akakwangua nyama yake kwa kijiko na kutupa maganda. Vitunguu alivipika kwa moto mdogo muda mrefu mno, mpaka dada, aliyekuwa amesimama mlangoni kama mlinzi, akashindwa kuvumilia.

"Vitunguu hivyo vitaungua."

"Haviungui, mama mkubwa. Njoo unisaidie kukwangua."

Dada akaenda. Akavuta kiti, akakunja mikono ya kanzu, akakwangua. Sikumsikia tena akitaja mfiwa.

Mchana tulikaa sote mezani. Alitupakulia sisi kwanza, yeye mwisho, kisha akaniangalia.

"Nzuri, mama?"

Rojo lilikuwa zito, lenye utamu wa mbali na moshi kidogo, na nilielewa kwa nini mtu angelitamani. Lakini nguru wetu si sawa na samaki wa kwao, na hakumroweka vya kutosha. Nami kwenye chakula sijui kusema uongo, hata msibani.

"Nzuri. Ila chumvi imezidi."

Dada alinipiga teke chini ya meza. Mkwe wangu akaonja, akatafuna.

"Imezidi," akasema. "Na mama yangu alizidisha. Kila siku tulimwambia, na kila siku akazidisha."

Akacheka, na kicheko kikakatika katikati kikawa kilio, kilio cha sauti, cha mtoto anayemwita mama yake. Dada aliinuka akamkumbatia kichwa, mikono yake bado ina wekundu wa pilipili. Hatukumwambia anyamaze. Alipotulia alifuta uso, akaivuta sahani yake karibu, akamega mkate, akala mpaka akaimaliza.