Mvua Niliyoiandika

Kwa likizo nne mfululizo niliandika mvua ambayo haikunyesha. Ninalisema jambo hili hapa mwanzoni, ili msomaji asidhani ninalikaribia kwa kuzunguka.

Nilikuwa mlinzi wa shule ya sekondari huku kwetu Mazingara, Handeni. Zamani nilikuwa karani katika shamba la katani upande wa Korogwe, kazi niliyoipata kwa cheti changu cha kidato cha nne na mwandiko mzuri. Shamba lilipopunguza watu nilirudi nyumbani nikalima mahindi na mbaazi. Jembe liliponishinda nikapewa lindo la shule. Mlinzi mwenye kidato cha nne si jambo la kila siku. Mkuu wa shule alikuwa akinipa barua zake nizipitie kabla hajazituma, na niliwahi kumrudishia moja kwa sababu ya alama ya mkato. Jambo hilo lilinipa kichwa, na kichwa hicho ndicho kilichoniponza.

Kipimo cha mvua kililetwa na mwalimu wa jiografia. Ni Msambaa wa Mpale, kijana mwembamba, mwenye maneno mengi. Alikuwa amekwenda Korogwe kwenye mafunzo ya wiki mbili yaliyoandaliwa na shirika la anga la nchi ya mbali, wale wanaorusha setilaiti. Tulitegemea arudi na habari za mwezini. Alirudi na bomba la plastiki lenye mistari, kipimajoto, na karatasi kubwa yenye picha za mawingu.

"Roketi iko wapi, mwalimu?" nikamwuliza getini.

"Hii hapa, mzee," akasema, akaliinua lile bomba.

Alinieleza kwamba setilaiti hupita juu, hutazama mawingu na kukisia mvua, lakini haiwezi kunyoosha mkono ijue kama umelowa. Inahitaji mtu chini. Kwa hiyo shirika lile linagawa vipimo mashuleni, linawafundisha walimu, na wanafunzi wanapima na kutuma. Hapohapo wanafunzi wanajifunza kubishana kwa namba badala ya kwa sauti, na miongoni mwao, shirika linatumaini, watatoka wahandisi na wataalamu wa hali ya hewa wa kesho.

"Wanatafuta wafanyakazi wao wa miaka ishirini ijayo," akasema.

"Na wanaanza kuwatafuta Mazingara?"

"Mazingara pia, mzee. Usidharau kwenu. Hiyo kazi niachie mimi."

Kipimo kikafungwa kwenye nguzo nyuma ya maabara, mbali na miti. Kila siku saa sita mchana mwanafunzi wa zamu alisoma, akaandika kwenye daftari, akamwaga maji, akatia sahihi. Mwalimu alituma namba kwa simu yake. Lakini wakati wa likizo wanafunzi hawapo, na mwalimu hupanda kwao Mpale. Anayebaki ni mlinzi. Akanifundisha mchana mmoja: inama mpaka jicho liwe sawa na maji, soma, andika, mwaga.

"Na kama hakuna maji?"

"Unaandika sifuri."

"Kila siku?"

"Kila siku ambayo hakuna maji, mzee. Nayo ni kazi."

Hapo sikumwelewa, ingawa nilitikisa kichwa.

Likizo ya kwanza ilikuwa ya Juni. Anayeijua Handeni mwezi wa Juni anajua nilichokikuta ndani ya lile bomba. Niliandika sifuri kumi na mbili. Ukurasa ulionekana kama wa mtu asiyefika kazini. Kule kwenye katani, msimamizi akikuta sifuri alikuwa akimwuliza karani alilala wapi. Halafu watu wale walikuwa wamekileta kipimo kutoka mbali, na kuwapa sifuri siku baada ya siku niliona ni utovu wa adabu. Niliogopa pia wangeking'oa wakipeleke mahali penye kazi. Na mahali hapo nilipajua: Mpale. Shule ya kule nayo ilikuwa na kipimo, na mwalimu alikuwa akibandika namba za shule zote mbili kwenye ubao wa matangazo, za kwao juu, za kwetu chini.

"Mzee," aliniambia siku moja mbele ya walimu wenzake, "huku kwenu mvua mnaionaga, au mnaisikiliza redioni?"

Siku ya kumi na tatu nikaandika milimita mbili. Nilijiambia kulikuwa na umande. Siku ya kumi na sita nikaandika moja na nusu, na hapo sikujiambia kitu. Nilikuwa na kiasi katika uongo wangu: sikuwahi kupita milimita tatu, wala kunyeshesha siku mbili mfululizo. Mwalimu aliporudi alifunua daftari, akasema, "Naona mmebarikiwa." Nikasema, "Kidogo."

Nilifanya hivyo likizo nne.

Sasa nimtaje mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu, anayekaa kwangu tangu darasa la kwanza kwa kuwa mama yake anafanya kazi Tanga mjini. Alianza kidato cha kwanza mwaka uleule kipimo kilipokuja. Wenzake walikiona kama zamu ya kudeki. Yeye alikipenda. Alimwuliza mwalimu nani hutengeneza ile setilaiti, akaambiwa ni watu waliosoma fizikia, akarudi nyumbani akanitangazia kwamba atasoma fizikia. Alisema kama mtu anayeaga kwenda dukani.

Alipofika kidato cha tatu likaja shindano. Wanafunzi wa kidato hicho katika shule zote zenye vipimo, za Handeni na za Korogwe, wangepeleka uchunguzi wao Korogwe mjini. Mmoja tu angechaguliwa. Huyo angekaa likizo ndefu na wataalamu wa shirika Dar es Salaam, na angesomeshwa sayansi mpaka kidato cha sita. Kidato cha nne hawaruhusiwi. Nafasi inakuja mara moja.

Jioni moja tulikuwa tunapukuchua mahindi uani.

"Babu, nimepata kitu. Setilaiti haituoni."

"Haituoni nani?"

"Sisi. Mvua zetu ndogo. Shule ikiwa wazi, setilaiti na kipimo vinakubaliana. Likizo ikianza, kipimo kinapata milimita mbili, moja na nusu, setilaiti inasema kavu. Kila likizo! Kuna aina ya mvua hapa Mazingara ambayo kule juu hawaijui."

"Labda kipimo kina kasoro."

"Kipimo ni kilekile."

"Labda msomaji."

Akacheka mpaka punje zikamdondoka. "Msomaji ni wewe, babu! Wewe uliyemrudishia mkuu wa shule barua kwa ajili ya mkato?"

Pale ndipo palikuwa mahali pa kusema. Niliendelea kupukuchua gunzi ambalo halikuwa na punje hata moja.

Nilitegemea mwalimu angeshtuka. Hakushtuka. Alisema Juni na Desemba zina pepo zake. Alikuwa na sababu tatu za kisayansi, akazichora ubaoni, na zote zilikuwa nzuri kuliko ya kweli.

Tulikwenda Korogwe watatu: mwalimu, mjukuu wangu na mimi. Mimi nilialikwa kama mtunza daftari. Ukumbini kila mtoto alisimama mbele ya karatasi zake. Msichana wa Mpale alikuwa amepima joto la asubuhi siku za ukungu, kazi safi isiyo na maajabu. Wa kwetu alikuwa na maajabu. Mama mmoja mhandisi, aliyetumwa na shirika, alisimama kwake muda mrefu kuliko kwa wengine.

"Hizi namba za likizo nani alisoma?"

"Babu yangu. Yule pale mwenye kofia."

Yule mama akanijia. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Ulisoma mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Ni kweli nilikuwa nikienda kwenye nguzo kila siku. Hilo ndilo nililolijibu, na nilijua silo lililoulizwa.

Akachaguliwa wa kwetu. Wa Mpale akawa wa pili. Njiani kurudi mwalimu alikuwa akijisemesha: "Mazingara imeishinda Mpale kwa mvua! Mzee, mimi kwetu nitaingia kwa mlango wa jikoni." Mjukuu wangu alikaa dirishani, barua ya ushindi mapajani, ameishika kwa mikono miwili kana kwamba ingemwagika.

Wiki tatu baadaye mwalimu alinijia getini na simu mkononi.

"Mzee, wanakuja! Likizo ya Juni. Wataalamu wawili, na kipimo kingine kinachojiandikia chenyewe, wakiweke pembeni ya chetu. Wanakuja kuiona mvua yako."

Nikaona wageni wawili wamekaa kwenye viti vya walimu nyuma ya maabara, wanatazama anga la Juni kwa mwezi mzima, na mjukuu wangu amesimama pembeni anawaeleza.

Kesho yake zamu ya kusoma ilikuwa yake. Saa sita nilimfuata kwenye nguzo. Alikuwa ameinama, jicho sawa na mistari.

"Sifuri," akasema.

"Zile za likizo nilizitunga."

Hakuinuka mara moja. "Zipi?"

"Za likizo."

"Zote?"

"Kuna moja ya kweli. Ya Desemba. Ilinyesha sawasawa, ililowesha hata kitanda cha lindo."

"Ipi?"

"Sikumbuki tarehe. Bomba lilisoma kama ishirini. Niliandika tatu, ili ifanane na zile nyingine."

Hapo ndipo akaniangalia. Nafikiri ile ya kweli ilimwuma kuliko za uongo zote.

"Na Korogwe ulipoulizwa?"

"Niliulizwa."

"Ukajibu."

"Nikajibu."

Akalitoa bomba kwenye nguzo, akaligeuza kumwaga, ingawa halikuwa na kitu, akalirudisha. Nikamwambia nitaandika barua kwa shirika, nieleze kwamba kosa ni langu peke yangu.

"Barua yako nani ataiamini, babu?"

Alisema bila hasira. Ningependa angekuwa na hasira.

Aliiandika yeye, jioni ileile, kwenye meza ya chakula, nami nimekaa upande wa pili. Katika uchunguzi wake alifuta likizo zote nne. Penye jina langu aliandika "msomaji wa likizo". Baada ya kufuta, palibaki ukurasa mmoja na nusu unaosema kwamba setilaiti na kipimo vinakubaliana, jambo ambalo shirika lilikuwa linalijua tayari.

Jibu lilikuja kwa mwalimu. Walimshukuru mwanafunzi kwa ukweli wake, kwa maneno mazuri. Wakasema uchunguzi uliobaki hautoshi, na nafasi inakwenda kwa msichana wa Mpale. Mwalimu alinisomea getini. Alipomaliza nikasubiri utani wake. Mpale ilikuwa imetushinda, na nilikuwa nimeustahili. Akanitazama, halafu akaniuliza kama kufuli la geti linahitaji oili. Tangu siku hiyo hajanitania, nami sijapata njia ya kumwomba anitanie.

Daftari alilichukua. Sikumlaumu. Lakini Juni ile, wataalamu hawakuja, na shule ilipofungwa mjukuu wangu alikuja nalo nyumbani akaliweka mbele yangu.

"Hakuna mwingine anayebaki," akasema. Sikujua kama ni msamaha au ratiba.

Juni nzima nikaandika sifuri. Magoti yangu hayapendi kuinama, lakini niliinama kila siku, hata siku ambazo ukavu ulionekana kutoka getini. Desemba msichana wa Mpale akaenda Dar es Salaam. Mjukuu wangu alikuwa nyumbani akipalilia mbaazi, daftari la fizikia limefunguliwa juu ya ndoo. Sasa yuko kidato cha nne. Anasema atasoma fizikia vilevile, na kwamba setilaiti hazitengenezwi na shirika moja. Huenda. Kidato cha sita anachokitaka kina gharama zake, na mama yake na mimi tunajua njia iliyokuwa imefunguka na nani aliifunga.

Juni hii, siku moja asubuhi, kulikuwa na manyunyu. Ya kweli, mabati ya maabara yalibadilika rangi. Saa sita niliinama kwenye bomba nikakuta maji chini kabisa, kama machozi ya jicho moja, hayajafika hata mstari wa kwanza. Nilirudi nyumbani nikamwita. Nilihitaji shahidi. Akaja na kalamu nyuma ya sikio, akainama, akatazama kwa muda mrefu.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Maji yapo. Hayajafika mstari."

"Basi andika ulichokiona."

Nikaandika: maji yapo hayajafika mstari wa kwanza. Nikatia sahihi. Akalichukua daftari, akasoma, akaweka mkato baada ya neno "yapo", akanirudishia, akaenda zake kusoma.