Maneno Niliyoyaacha Nje ya Taarifa

Ipo asubuhi moja ya Jumatatu ninayoikumbuka kuliko nyingi za ujana wangu, mwanangu, ingawa haikuwa na jambo ambalo mpita njia angesimama kulitazama. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu miezi michache kabla, nimerudi nyumbani Mitunguu, huku Meru, kungoja kazi, na nilikuwa nimeketi katika kituo kidogo cha polisi nikiandika kwa niaba ya mtu mwingine. Kalamu ilikuwa yangu. Taarifa ilikuwa ya Mama Kioko.

Mama Kioko alikuwa mjane kutoka Ukambani. Alikuja kwetu na mumewe, wakakodi shamba na kupanda migomba, na mumewe alipofariki yeye akabaki kulima peke yake. Aliishi nasi miaka kumi na mmoja. Kimeru alikisema vizuri kuliko mimi, maana mimi nilikuwa nimekaa sana shuleni. Kiswahili ndicho kilichompiga chenga. Koplo aliyekuwa zamu siku hiyo alitoka magharibi mwa nchi na hakujua Kimeru hata cha kuombea maji. Ndipo aliponiona nikipita, akaniita.

"Wewe si umesoma? Kuja unisaidie na huyu mama. Yeye aseme, wewe uandike, mimi niweke sahihi."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Jumapili, watu wakiwa kanisani, Mama Kioko alibaki nyumbani kwa sababu mguu ulimuuma. Alisikia panga likifanya kazi shambani, akatoka, akawakuta vijana watatu wakiangusha migomba yake. Mikungu ilikuwa bado michanga. Wewe uliyekulia huku unajua maana ya kukata mgomba wenye mkungu mchanga. Hata mwizi hafanyi hivyo, kwa kuwa mwizi husubiri ukomae. Alimtambua mmoja wao, Gitonga, mwana wa mwalimu wa kwaya yetu. Alipouliza kosa lake, Gitonga alimjibu.

Mama aliyarudia maneno hayo mbele yangu polepole, macho yakiwa chini, bila kuongeza wala kupunguza. Gitonga alimwambia kwamba Wakamba ni magugu katika shamba la Wameru, kwamba leo wanaanza na migomba na kesho watawang'oa wenyewe. Kati ya sentensi hizo mbili alitia tusi moja la kutaja sehemu za mwili, akalivisha kabila lote la mama yule, na hasa wanawake wake.

Kalamu yangu ilisimama hapo. Nililelewa katika nyumba ambamo mtoto aliyetamka neno kama hilo aliosha kinywa kwa sabuni, na ambamo hata anayeripoti tusi la mwingine husema tu "alimwambia maneno mabaya" na wote wakaelewa. Ndivyo tulivyo huku. Tunaona aibu kulibeba neno chafu, hata kama sisi si wenye neno. Lakini nikikuambia kwamba adabu ndiyo sababu pekee nitakuwa ninakudanganya. Mwalimu wa kwaya ndiye aliyenifundisha kusoma noti za muziki. Nilimwona akilini akisomewa maneno hayo kama ya mwanawe, nikamwonea huruma. Zaidi ya hapo, habari ile ya magugu niliwahi kuisikia mezani kwetu ikisemwa kama mzaha, na mimi nikacheka.

Basi nikaandika: *Tulizozana kuhusu zamu ya maji, nikatukanwa, kisha wakakata migomba.* Zamu ya maji ilikuwa kweli. Kila shamba lina siku yake ya kupata maji, na wiki iliyotangulia palikuwa na manung'uniko kwamba Mama Kioko alichelewa kufunga mfereji wake. Nilichukua jambo dogo la kweli, nikalitumia kufunika kubwa.

Mama Kioko aliinua macho. "Umeandika vile alivyosema?"

"Matusi yote yamo humo, mama," nikamjibu.

Akatia sahihi. Koplo akaandika katika kitabu cha matukio, kile ambacho wengi hukiita OB: *mzozo wa maji na uharibifu wa mali.* Akampa Mama Kioko nambari ya tukio kwenye kipande cha karatasi, naye mama akakikunja akakiweka ndani ya leso.

Wakati ule sikujua kitu ambacho kazi za ofisi zimenifundisha tangu hapo. Serikali haikuwepo shambani Jumapili ile. Hakimu hakuwepo, wala kiongozi wa mashtaka. Wote wangekuja kukitazama kichwa kile cha maneno saba na kufuata kinakowaelekeza. Wiki mbili baadaye maofisa wa serikali walikuja kufanya baraza kuhusu tukio hilo. Miaka ile nchi ilikuwa bado inauguza majeraha ya uchaguzi, na walikuwa wameagizwa kufuatilia kila dalili ya chuki baina ya makabila. Wakauliza ni nini kilitokea. Kitabu kikafunguliwa, kikajibu. Baraza likazungumza saa mbili nzima kuhusu maji, likatoka na ratiba mpya ya zamu. Mama Kioko aliketi safu ya nyuma na mguu wake mbovu ameunyoosha, na hakuna aliyemwuliza neno.

Kesi ilipofika kortini nilikwenda kusikiliza. Mkalimani alikuwa Mzee M'Ikiara, mtu mwembamba mwenye koti la kahawia, aliyekuwa pia mzee wa kanisa. Mama Kioko alisimama kwenye kizimba cha mashahidi akasema yote kama alivyoniambia mimi. Mzee M'Ikiara akayatoa kwa Kiswahili, moja baada ya jingine, magugu na kung'olewa, na tusi lile akalitaja kwa jina lake. Hakukohoa. Hakutazama chini.

Wakili wa kina Gitonga akasimama na taarifa mkononi.

"Mama, nionyeshe maneno hayo hapa."

"Niliyasema."

"Mimi ninaona *nikatukanwa*. Sioni Wakamba, sioni Wameru. Basi magugu haya yameota hapa hapa kortini?"

Watu wakacheka. Mama Kioko akageuka, akanitafuta kwa macho, akanyoosha kidole. "Nilimwambia yule. Ndiye aliyeandika."

Vichwa vyote viligeuka. Mwanangu, ningeweza kusimama. Ningesimama nikasema kwamba mama huyu ni mkweli, na hata kama ningefukuzwa kwa kuzungumza bila ruhusa, ukweli ungekuwa umesikika. Nilitazama viatu vyangu. Kosa la kwanza nililifanya kwa haraka na aibu. Hili la pili nililifanya nikiwa na nafasi ya kutosha ya kufikiri.

Wakati wa mapumziko Mzee M'Ikiara alinikuta nje karibu na mfereji wa kunawia mikono. Hakupaza sauti.

"Ni wewe uliandika?"

Nikakubali. Nikajitetea kwamba maneno yale hayakufaa kuandikwa, kwamba yule ni mama wa rika la mama yangu.

"Kijana wangu, mimi nina wajukuu. Pasta wangu alikuwa ameketi pale nyuma, na nimeyatoa maneno yale kinywani mwangu mbele yake. Unadhani yalikuwa yangu?"

"Hapana, mzee."

"Basi hata wewe hayakuwa yako. Ulipewa uyabebe, ukayaosha njiani. Sasa yule aliyeyasema anaonekana msafi, na yule aliyesemwa anaonekana mwongo. Hiyo ndiyo heshima uliyompa mama?"

Akakausha mikono kwa kitambaa chake, akarudi ndani.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa kiongozi wa mashtaka, mwanamke aliyekuwa na mafaili hadi kidevuni, nikamwambia nilichofanya. Alinisikiliza bila kukasirika, na hilo liliniuma zaidi. Akanieleza kwamba sheria yetu ina mahali pake pa kumshtaki anayechochea dharau na chuki dhidi ya kabila la mtu, na kwamba kama angeyaona maneno yale tangu mwanzo angeyatafutia mashahidi yakiwa bado mabichi. Sasa angeweza kuchukua taarifa yangu ya ziada, nami ningeitwa kuhojiwa. Nikaandikisha. Nikahojiwa.

"Ulikaa chuo kikuu miaka mingapi?" wakili akaniuliza.

"Minne."

"Na hawakukufundisha kuandika unachoambiwa?"

"Walinifundisha."

"Basi ulidanganya wakati ule, au unadanganya leo?"

"Wakati ule."

Mwalimu wa kwaya alikuwa ameketi mbele yangu. Hakunisalimia tena hadi alipohama.

Gitonga na wenzake walipatikana na hatia ya kuharibu mali. Kuhusu chuki, hakimu alisema kwamba shahidi aliyebadili kauli yake hawezi kuwa msingi wa shtaka zito kama hilo. Lakini aliandika sentensi moja ambayo niliomba nakala yake: kwamba mahakama haikuona sababu ya kumwita mlalamishi mwongo.

Kufikia siku ya hukumu Mama Kioko alikuwa ameliachia shamba. Nilimfuata hadi Ishiara, ambako alikuwa akiuza ndengu sokoni chini ya turubai. Alinikaribisha kwenye gunia lililokunjwa. Nikamsomea ile sentensi kwa Kimeru. Akaniomba nirudie, nikarudia. Mteja akaja, akampimia, akarudi kuketi.

"Una kalamu?" akaniuliza.

"Ninayo."

"Sasa andika. Yote."

"Mama, kesi imekwisha."

"Ninajua imekwisha. Andika, nikuone."

Akayasema tena, na mimi nikaandika nyuma ya nakala ya hukumu, joto likitushukia kutoka kwenye turubai. Nilipofika kwenye tusi mkono ulitaka kusimama, nikaulazimisha. Alifuatisha kila neno kwa kidole ingawa kusoma kwake kulikuwa kwa shida. Kisha akaikunja karatasi, akaiweka ndani ya leso pamoja na ile nambari ya polisi, ambayo bado alikuwa nayo.

"Nimetembea na maneno haya peke yangu muda mrefu," akasema. "Angalau sasa na wewe unayo."

Mwanangu, nimekueleza haya kwa sababu wewe nawe umeanza kushika kalamu za watu. Labda uko kwenye ofisi ya chifu, labda hospitalini au shuleni, na siku moja mtu ataketi mbele yako akiwa ameumizwa kwa sababu ya kabila lake, dini yake, au umbo aliloumbwa nalo. Mwache aseme. Andika maneno kama yalivyosemwa, kwa lugha yaliyosemwa, na jina la aliyeyasema, hata kama ni jina la mtu wa kwenu. Msomee alichosema, neno kwa neno, kabla hajatia sahihi. Usimfupishie. Usimtafutie chanzo kidogo cha kumridhisha kila mtu. Ukiona aibu, jua kwamba aibu hiyo ni ya aliyetukana, na mwachie mwenyewe. Na ikiwa umekwisha kukosa kama nilivyokosa, rudi ukaseme mapema, maana kila siku unayochelewa kuna mtu anaitwa mwongo kwa niaba yako.

Mungu akupe mkono usiotetemeka na sikio lisilochoka. Kila atakayeketi mbele yako na aondoke akijua kwamba amesikilizwa, na jina lako likitajwa katika nyumba za watu usiowajua, litajwe kwa amani.