Damu Safi

Miaka ile mashamba ya wageni yalipogawiwa wananchi, mtu mmoja wa mjini alipewa shamba la kahawa upande wa Katana, na ndani yake farasi wanne. Hakuwataka. Aliwaleta kwenye ua wa ofisi ya mifugo, Bukavu, nilikokuwa karani, kwa sababu mnyama hakuuzwa bila karatasi zake kusomwa mbele ya mnunuzi. Karatasi zilikuwa za Kifaransa. Kuzisoma ilikuwa kazi yangu.

Poni wawili walichukuliwa na mfanyabiashara wa Minova. Farasi wa Kiarabu, mweupe, alikwenda kwa ofisa wa jeshi. Alibaki jike mmoja mrefu, mwekundu.

Aliyemtaka alikuwa katekista wa Nyangezi, mzee ambaye goti lake lilikuwa limekakamaa, na vikanisa vyake vyote viko juu ya vilima. Alikuja na ng'ombe wawili wa kubadilishana. Walitoka kwenye mahari ya binti yake. Alikuwa amewaweka kwa ndoa ya mwanawe.

"Papa, huyu anakula sana na hatoi maziwa," mwenye shamba alimwambia. "Iko kama shemeji yangu."

"Shemeji yako anaweza kunipandisha mulima?"

Tulicheka. Mzee alimfungua farasi mdomo, kama anavyofanya mtu anayenunua ng'ombe. Nami niliona ndani: ufizi ulikuwa mweupe, dalili ya mnyama aliyepungukiwa damu. Kisha nikasoma: umri, kimo, rangi, na mwisho *pur-sang*.

"Hiyo ya mwisho ni nini, mutoto yangu?"

"Damu safi, papa."

"Ah. Basi iko muzima."

Mezani kwangu palikuwa na vioo vyenye matone ya damu ya ng'ombe, vikingoja kupimwa ugonjwa wa kupe. Kila mfugaji alivijua. Nilielewa papo hapo alichoelewa yeye. Mwenye shamba pia alielewa, maana alinitazama, kisha akatazama ukuta. Nyuma ya mzee watu walikuwa wamepanga mstari, na mkuu wangu hakupenda maelezo marefu. Nikapiga muhuri.

Majuma matano baadaye mzee alirudi kwa miguu, fimbo mkononi, na karatasi ile imekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo. Farasi alikuwa amekufa. Mzee alikuwa amekwisha kupita Katana kudai ng'ombe wake: mmoja alichinjwa kwenye karamu, wa pili aliuzwa, na mwenye shamba alimwambia karatasi haikusema uongo.

"Nisomee tena ile neno," alisema.

Safari hii sikulitafsiri tu. Nilimweleza kwamba ni ukoo wake: baba na mama wa farasi yule wanajulikana, hawakuchanganywa na wengine. Hakuna aliyempima damu.

Alilitazama neno lile karatasini.

"Kumbe nimezika mukubwa," alisema.

Nilitaka kumwambia habari ya ufizi. Badala yake niliuliza kuhusu mwanawe.

"Anangoja. Wazazi ya muchumba yake wanasema watangoja mupaka mavuno, kisha hapana." Aliikunja karatasi na kuirudisha kitabuni. "Siku ile, mutoto yangu, wewe ulijua hiyo maana?"

"Nilijua, papa."

Alitikisa kichwa polepole, akaweka fimbo sawa, akaanza kuteremka ngazi, mguu mzima kwanza.