Msalaba Chini ya Vizibo

Mume wangu mtaa mzima unamwita Kengele, kwa sababu ya mashine yake ya kutafutia chuma ardhini. Zamani alichomelea mageti. Moto ule ukamla macho, akabaki na masikio. Sasa anapita viwanjani kabla watu hawajalima au kujenga, anatoa misumari na vipande vya nondo, tunauza chuma chakavu. Mimi ndiye mbeba sepetu. Ana maneno makali huyo! Na yangu, tusidanganyane, hayapungui.

Asubuhi hiyo alituita jirani yetu, fundi cherehani, binti aliyetulia kama maji mtungini. Mama mkwe wake alikuwa amepoteza msalaba mdogo wa fedha aliovishwa siku ya kipaimara, akaapa kwamba mkwewe ameuuza. Mume wa binti, dereva wa lori, akapiga simu kutoka safarini: "Nikirudi, msalaba wa mama uwe umepatikana. La sivyo nisikukute." Basi. Mtoto wa watu aitwe mwizi na kufukuzwa kwa kitu kisichozidi ukucha wa kidole gumba.

Binti aliamini umedondoka uani kwao, na ua wenyewe ulikuwa unamwagwa zege siku hiyohiyo. Mafundi walishaanza kukoroga pale getini.

"Mzee, fanya haraka," msimamizi wao alimwambia mume wangu. "Zege halilali."

Kengele akavaa hedifoni, akaanza kuutembeza mkono wa mashine taratibu. Tukachimba msumari, bawaba, kijiko kilichooza. Mama mkwe alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Tafuteni, tafuteni," alisema. "Kilichouzwa hakichimbwi."

Nilikuwa na jibu lake, tena la moto. Nikakumbuka kwamba mdomo uliponza kichwa, na kichwa chenyewe hakikuwa changu, kilikuwa cha yule binti. Nikaendelea kuchimba.

Tulifika ukuta wa nyuma mikono mitupu. Toroli la kwanza likamwagwa getini, likasambazwa. Binti alikuwa akifukua kwa vidole, kucha nyeusi tii. Roho iliniuma, na mimi roho ikiniuma hasira humwangukia mume wangu.

"Na wewe leo umekuwa mchaguzi!" nilimwambia. "Hapa palikuwa na kibanda cha soda miaka nenda miaka rudi, hata kizibo kimoja hujaniokotea?"

Akasimama. Akavua hedifoni.

"Nimevizima," alisema.

"Umezima nini?"

"Vizibo. Nimeitegesha mashine isivililie, visitupotezee muda. Na fedha nyembamba hulia kama kizibo."

Lahaula! Tulikuwa tumepita juu yake, pengine mara mbili, na mashine imefumbwa mdomo na mwenyewe.

Akaifungulia sauti zote. Ua ukalia kila hatua, ti-ti-ti, na kila mlio lazima uchimbwe. Kizibo. Kizibo. Kizibo kingine. Zege lilikuwa limefika katikati, na toroli jingine likaja moja kwa moja hadi tulipopiga magoti.

"Pisheni, mama. Litaganda."

Binti hakusogea. "Basi anza kunimwagia mimi," alisema. Yule kijana wa toroli akamtazama msimamizi wake, akaliweka chini.

Kando ya jiwe la kufulia, pale anapofulia mama mkwe mwenyewe, mashine ikalia. Nikachota udongo, binti akaupokea kiganjani na kuupepeta. Msalaba. Kipande cha mkufu kilikuwa bado kinaning'inia, kimekatika kwenye pete. Nilipiga kelele, siku ile sikuona haya hata kidogo.

Mama mkwe alikuja mbio, akaubusu na udongo wake. Halafu akamwangalia binti, na machozi yakamtoka.

"Nisamehe, mwanangu. Ni shetani tu."

"Nimekusamehe, mama."

Binti akaingia ndani. Nilidhani amekwenda kunawa. Akatoka na begi begani, kichwa cha cherehani amekikumbatia kifuani.

"Jamani! Unakwenda wapi?" mama mkwe aliuliza. "Si umepatikana?"

"Umepatikana, mama," alisema. "Ndiyo maana nakwenda leo. Jana ningeondoka mwizi."