Bawasiri kwa Sauti ya Spika

"Elfu kumi na tano yangu, mwanangu, na usiniambie twende pembeni."

Mama mmoja wa Kasense alikuwa amesimama mbele ya kijana muuza dawa za mitishamba, sokoni Sumbawanga. Kijana akashusha sauti. "Mama, mambo ya bawasiri hayasemwi mbele za watu."

"Wewe uliyatangaza kwa spika, nami nadai kwa sauti hiyohiyo. Uliniambia niache ugali wa ulezi eti unakwaruza, nile sembe na kupaka dawa yako. Choo kikawa kigumu kama jiwe, damu ikatoka. Zahanati wamenipima, wakanirudisha kwenye ulezi wangu, mboga za majani na maji mengi. Jioni nakaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, na chooni sijikamui tena. Leo nimekuja kwa miguu, na nikirudi nitakaa kwenye kigoda."

Wanaume tuliokuwa karibu tukaanza kuulizia bei ya maharage. Mimi hasira zangu ziko karibu, nimeshagombana na makarani na makondakta, lakini ujasiri wa namna ile sijawahi kuuona. Sisi ugonjwa huu tunawaficha hata wake zetu. Misa nzima tunasimama, watu wanadhani ni ibada.

Kijana akamrudishia mama noti zake. Mama alipoondoka, nikasogea nikasimama mahali pake.

"Shikamoo, mzee," kijana akasema.

"Marahaba. Na mimi nipe elfu kumi na tano yangu."