Wota Pampu Nzima na Mbuzi wa Mama Mkwe

Admin, jina langu naomba libaki kwako, maana ukurasa huu hata mashemeji zangu wanausoma. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na saba, naishi Bariadi mjini, nina mke na watoto wakubwa, na kwa mtu wa nje naonekana mzee wa heshima. Lakini nina aibu iliyonifanya nimkimbie mama mkwe wangu tangu ujana, na wiki hii imenifikisha pabaya.

Niwarudishe nyuma kidogo mnielewe. Miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba waliporuhusiwa, nami nilijitosa, nikapata pikapu chakavu ya kubebea pamba kutoka vijijini. Nilijiona tajiri. Wota pampu, ile inayozungusha maji ya kupoza injini, ilipoanza kuvuja nikasema fundi wa nini, nikanunua mpya nikaifunga mwenyewe. Kuifunga niliifunga vizuri tu, ila chini yake niliona kitundu kidogo, nikajua nimeuziwa mbovu. Kwa ujuaji wangu nikakiziba kwa gundi ya chuma, nikajisifu mtaa mzima. Kumbe kitundu kile kimewekwa makusudi, maji yakianza kupenya ndani yatokee pale yasiharibu beringi.

Wiki chache baadaye mke wangu akaomba tukampokee mama yake stesheni ya Malampaka, alikuwa anatoka Mwanza kwa treni. Sisi Wasukuma mnajua ukwe ulivyo, hasa zamani. Mama mkwe humtazami usoni, na ukikutana naye njiani unampisha. Kwa hiyo yeye alikaa nyuma na mizigo yake, kanipa mgongo, na mimi nikiwa na neno nilimwambia mke wangu amfikishie.

Kabla ya kufika Maswa beringi ya pampu ikafa, mkanda ukaruka, injini ikachemsha. Badala ya kungoja ipoe nikafungua mfuniko wa rejeta palepale, nionekane mwanaume anayelijua gari lake. Maji ya moto yakanirukia mapajani. Jamani, mtu akiungua hakumbuki ukwe. Nilivua suruali pale barabarani huku napiga kelele, na kwa joto la siku ile ndani sikuwa nimevaa kitu. Kugeuka, uso kwa uso na mama mkwe, ameshashuka kuja kuona kuna nini.

Hakukimbia. Alifungua kitenge chake cha juu akanifunga kiunoni, akachukua dumu lake la maji ya kunywa akawa ananimwagia mapajani taratibu. Akasema, "Tulia, ng'wanawane, mwanangu, usikimbie. Utaumia zaidi." Lilikuwa neno lake la kwanza kuniambia mimi mwenyewe. Dereva wa lori aliyetuvuta hadi Maswa akachungulia injini, akauliza mbele ya wote ni nani kaziba kitundu cha pampu. Nikasema mimi.

Wazee wa upande wa mke wangu walinielewa. Walisema nimpelekee mama mkwe mbuzi mmoja wa kufuta aibu, tule pamoja, jambo liishe. Sikupeleka. Niliona kupeleka mbuzi ni kutangaza uchi wangu kijiji kizima, nikawa nasema nitampeleka msimu ukiisha. Misimu imeisha mingi. Misiba ya kwao namtuma mke, harusi zao nachelewa makusudi. Watoto wangu walipokwenda likizo kwa bibi yao kijijini Zagayu niliwashusha barabarani nikageuza gari. Na mama wa watu hajawahi kunisema vibaya hata siku moja.

Sasa anaumwa. Miguu imevimba, pikipiki hawezi kukaa, na inabidi aletwe hospitali huku mjini. Mashemeji walitaka kukodi gari, akakataa, akasema atapanda gari la mkwe wake. Mke wangu aliponiambia, nikasikia mdomo wangu unasema gari ni bovu, wota pampu imekufa. Ni uongo mtupu, siku hiyohiyo nilikuwa nimetoka nalo sokoni. Nilidhani watakodi, yaishe.

Jana jioni shemeji yangu wa Maswa akaja na boksi. Ndani yake, wota pampu mpya. Mama mkwe ameuza mbuzi wake akaagiza inunuliwe. Mbuzi niliyetakiwa kumpeleka mimi kwake, kamtoa yeye kwa ajili yangu. Shemeji akasema kuna na ujumbe wa mayu, yaani mama yao, huku anajizuia kucheka.

"Mayu anasema, mwambieni mkwe wangu safari hii asikizibe kitundu."

Mke wangu alicheka mpaka machozi. Mimi nilitoka nje nikajifanya nalikagua gari, nikaingia ndani yake nikafunga mlango nikalia kama mtoto.

Fundi anakuja kesho asubuhi, na akifungua ataona pampu iliyomo haina ubaya wowote. Nikimbembeleza anyamaze aifunge mpya, nitakwenda kumchukua mama nikiwa na uongo wangu mbele ya injini. Nikisema ukweli, mke wangu atajua nilikuwa tayari mama yake abaki na miguu ile, ili mradi mimi nisikutane naye uso kwa uso. Vyovyote iwavyo, safari hii lazima nimtazame.

Shemeji anasema mzigo wake umeshafungwa, ameuweka mlangoni, kila gari likipita anauliza kama ni mimi. Ndugu zangu, nishaurini, nikifika pale mlangoni nianze na neno gani?