Neno Lililompeleka Mbololo

Kwenye kliniki moja ya binafsi mjini Voi, Tryphena Wakesho alikuwa mfanyakazi wa usafi kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, Kiingereza chake si haba, na Kidawida, lugha ya Wataita, alizaliwa nacho. Kwa hiyo siku madaktari wageni walipokuja kupima watu bure, muuguzi, sista Hannah, alimwita, akamwambia aweke ndoo pembeni aende akatafsiri.

Alitafsiri tangu asubuhi, na kusema kweli alifurahia. Watu walimshika mkono wakimshukuru. Mchana aliingia mama mmoja wa Mbololo, kule mlimani, jina lake Mghoi, mjane wa miaka kama sitini. Hakujua Kiingereza hata kidogo, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Daktari alimpima titi la kushoto, akasema, "There is a growth here. We need to follow it up."

Tryphena hakusita. Growth, yaani kukua, alikuwa akilisikia kila mwaka kanisani, spiritual growth, na shuleni alifundishwa population growth na economic growth. Halikuwahi kumletea habari mbaya. Akamgeukia Mghoi, akamwambia kwa Kidawida kwamba daktari anaona maendeleo, na wataendelea kufuatilia. Mghoi akaachia tabasamu, akafunga vifungo vya blauzi, akaenda zake.

Siku tisa baadaye Tryphena alikuwa akipiga deki ofisini, naye Hannah anapanga faili.

"Huyu mama Mghoi mbona hakuchukua barua yake?" Hannah alinung'unika. "Simu yake nayo haipatikani."

"Barua ya nini, sista?"

"Ya hospitali kubwa. Wakate kipande cha ule uvimbe wakapime. Wote wenye growth waliandikiwa barua."

Tryphena alisimama na dekio lake. Uvimbe. Siku ile ndani ya chumba cha daktari walikuwa watu watatu tu, na aliyejua lugha zote mbili alikuwa yeye peke yake. Angeendelea kupiga deki, faili ingeandikwa kwamba mgonjwa hakurudi, na basi. Lile wazo lilimpitia, hata baadaye hakulikana.

"Sista, ni mimi," alisema. "Nilimwambia anaendelea vizuri."

Hannah aliweka faili chini, akaketi. "Kosa si lako peke yako. Sisi ndio tuliokutoa kwenye ndoo tukakutia kwenye kazi ambayo hukufundishwa."

Maneno yale yalimpoza kidogo, lakini hayakumtosha. Kesho yake ilikuwa siku yake ya mapumziko. Alichukua barua, akapanda bodaboda mpaka mahali ambapo barabara ilimshinda dereva, akamalizia mlima kwa miguu.

Mghoi alikuwa uani akipepeta maharagwe. Alimtambua mara moja, akaita majirani, akawaambia huyu ndiye binti aliyemletea habari njema. Akamtengea chai. Tryphena hakuweza kuinywa. Alingoja majirani waondoke, ndipo akasema.

"Mama, daktari hakusema unaendelea vizuri. Alisema kuna uvimbe. Lile neno lina maana mbili, na mimi nilishika moja bila kuuliza. Hii ni barua ya kwenda hospitali kubwa wakaupime."

Mghoi aliuweka ungo chini. "Nimeshukuru Mungu mbele ya kanisa zima," alisema polepole. "Nimetoa kuku. Na wewe ulinitazama machoni."

"Nilikutazama, mama. Nisamehe."

Mama yule aliokota ungo, akamaliza kupepeta maharagwe yaliyobaki huku chai ikiota utando. Kisha akanyoosha mkono apokee barua. "Tutaenda pamoja," alisema. "Na kila neno watakalosema, uwaulize kwanza ndipo uniambie."

Walienda pamoja. Ilikuwa saratani, lakini bado changa. Siku ya majibu Tryphena alimuuliza daktari neno moja mara tatu, kwa njia tatu tofauti, mpaka daktari akacheka. Mghoi alipasuliwa, akatibiwa, na msimu uliofuata alipanda shamba lake mwenyewe.

Tangu hapo Tryphena alianza kutembea na daftari mfukoni mwa aproni. Humo aliandika discharge: ruhusa ya kwenda nyumbani, au uchafu unaotoka kidondani? Akaandika complain, kwa sababu mzee mmoja alikasirika kuambiwa analalamika, kumbe daktari alimaanisha tu kwamba mzee anasema anaumwa. Kwenye kila neno aliongeza mengine yanayoweza kushika nafasi yake; kwa uvimbe: lump, swelling, growth.

Madaktari wengine walimwona msumbufu. "It's simple English," mmoja alimwambia.

"Basi liseme kwa neno lingine, daktari," alijibu, na hakufungua mdomo kwa mgonjwa mpaka alipoambiwa.

Mwaka huu kliniki imempa kiti cha mkalimani ndani ya chumba cha daktari, siku tatu kwa wiki. Siku zilizobaki bado anapiga deki. Juzi alimkuta sista mpya akimwambia mgonjwa, "Wewe ni negative," naye bibi wa watu, asiyejua kwamba maana yake ugonjwa haukuonekana, ameshaanza kulia. Tryphena akaegemeza dekio ukutani, akaingia.